Miguu ya Nerima

Salgaa, 3 Machi 2025

Dada Nerima,

Poleni na matanga huko Bungoma. Mimi niko ngangari kama tairi mpya. Ukirudi nyumbani Rhonda utapata wheelchair mlangoni, breki mbili, nimeijaribu mwenyewe! Dereva aliyefika Juba na Kigali hawezi kuacha dada yake, eti kwa sababu polio ilimkausha miguu, avutwe na punda kama gunia la makaa. Punda wako Sarjenti nimemuuza. Wachuka jirani alikataa kumtoa, nikamwambia mwanaume wa boma ni mimi. Usinishukuru sana.

Kaka yako, Masinde

Rhonda, 9 Machi

Masinde,

Sikuulizi hali. Simu yako sishiki, soma.

Nani alikutuma? Hiyo gari yako ya breki mbili imezama kwa tope kabla nifike choo. Nimebebwa na wanaume wa plot, mmoja akinicheka. Sarjenti nilimfundisha mwenyewe: anasimama kando ya ukuta, hapumui, mpaka nijiburute juu ya mkokoteni. Nikiangusha gongo langu la kutembelea anangoja. Ananipeleka soko, kliniki, kanisa, bila kubembeleza mtu. Leo nyanya zangu zinaoza hapa ndani na mimi nikiziangalia. Mwanaume wa boma! Kama Sarjenti amechinjwa, usikanyage hapa tena.

Nerima

Kiamunyi, 14 Machi

Dada yangu mkali,

Hujambo? Mimi si mzima hata kidogo. Nilimfuata Makhanu, yule aliyemnunua Sarjenti, akaniambia, "Boss, lori ya wachinjaji inakuja kesho." Nikamshika shati. Watu wakatutenganisha. Mwishowe amechukua saa yangu ya Kigali na koti ya ngozi ndipo akanirudishia Sarjenti. Mwizi! Na madereva wenzangu, wale nawanunulia chai kila siku, wamekataa kubeba punda, eti atachafua. Natembea tangu Salgaa. Nikipanda mgongo analala chini katikati ya barabara, lori zinanipigia honi, mimi Masinde! Huyu mnyama ana roho yako. Viatu vimeisha. Barua hii inatangulia na bodaboda, sisi tutafika jioni. Umenitukana vibaya lakini weka chai.

Kaka yako, Masinde

Rhonda, 14 Machi, jioni

Masinde,

Nimesikia Sarjenti akilia huko nje. Barua hii anakuletea Wachuka, mpe kamba, yeye ndiye atamwingiza. Wewe baki kwa lango. Chai haijawekwa. Hiyo wheelchair iko hapo kando, kuku ameitagia, usimguse. Keti kwa tope mpaka nikuite.

Dada yako, Nerima