Vidole Hufunguka Saa Nne

S.L.P. 417,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Kasuku,

Salamu nyingi, na pole nyingi juu yake. Hujambo lakini? Unakula kwa wakati? Sindano umeshaizoea, au bado unaiogopa? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Duka la udobi linakwenda, mashuka ya nyumba ya wageni bado yanaingia kila alfajiri kama mlima, na yule paka wetu bado analala kwenye kapu la nguo safi ingawa ana lake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, ya pili nikakasirika, ya tatu nikaenda kutafuta kalamu. Unasema daktari amekuambia ni kisukari, kilekile cha baba yako. Unasema hapo kazini kwenu, mnapopokea simu za wateja kutwa nzima, mtu hanyanyuki kitini mpaka anyooshe mkono na kuruhusiwa. Basi umeamua kuandika barua ya kuacha kazi kabla mwezi haujaisha, uondoke mwenyewe kuliko kuondolewa. Na msimamizi wako amekuuliza mara mbili kama una tatizo, ukamjibu uko sawa tu. Wewe huyo, tuliyekuita Kasuku kwa sababu hukunyamaza hata chakula kikiwa mdomoni.

Nakuomba usiiandike barua hiyo kabla hujaimaliza hii.

Unamkumbuka Mama Pasi, mpigaji pasi wangu, aliyekuwa akikunyooshea sare za shule. Mwaka jana vidole vyake vilianza kuvimba. Hospitali wakamwambia ni baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, wa kuishi nao maisha yote. Siku aliyokuja kuniambia alikuwa ameshafungasha kikombe chake cha chai na kandambili zake kwenye mfuko, akingoja nimwambie aende. Nikamwambia haendi kokote. Siku ile nilijiona mtu mwema kupita kiasi.

Nikamtoa kwenye pasi. Nikamweka mbele, kwenye kiti chenye mto, awe anapokea nguo: aandike jina la mteja na idadi ya nguo kwenye kijikaratasi, kisha akibane kwa pini kwenye ukosi. Kazi ya kukaa, nikasema, kazi laini. Akasema asante. Wiki sita nzima aliingia asubuhi, akakaa pale, akasema asante.

Mwandiko wake ukaharibika. Tukaanza kuwapa watu nguo zisizo zao, na siku moja uvumilivu ukaniisha nikamsema mbele ya mteja. Aliingiza tu mikono chini ya meza. Mchana roho ikanisuta, nikaenda kumtafuta nimtake radhi. Nikamkuta chumba cha pasi, wenzake wametoka kula, ameweka viganja vyote viwili juu ya shuka lililotoka kupigwa pasi, amefumba macho.

"Mama, kalamu na pini ndivyo vinavyoniumiza," akaniambia. "Joto la pasi lilikuwa linanisaidia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Hukuniuliza. Ulinipa kiti, nikaona haya kukikataa."

Nilikaa juu ya kapu la nguo chafu. Ndipo nikamuuliza swali lililonipasa kuuliza siku ya kwanza: yeye mwenyewe anaonaje, tufanye nini aweze kufanya kazi yake? Kumbe majibu yote alikuwa nayo, tena ameshayapanga. Asubuhi vidole vyake havikunjuki, hufunguka ikifika saa nne. Basi mashuka ya alfajiri wakayachukua wenzake, yeye akawa anaingia saa nne na kushika mashati mpaka jioni. Seremala akatuchongea stuli ndefu na kuinua meza ya pasi. Nikatafuta pasi nyepesi. Siku viungo vikichachamaa anatuma ujumbe tu, wala hatumhoji. Mfuaji wetu alinuna, akauliza tangu lini duka hili lina malkia. Mama Pasi akamnyooshea mikono aitazame, basi. Siku hizi mfuaji huyohuyo ndiye anayemfungulia vifuniko vya chupa.

Sikudanganyi, kuna siku anaumwa, na kuna siku ananuna, kama mimi. Lakini wateja wanarudi kwa ajili ya mashati yake, na mikono yake haiko tena chini ya meza.

Sasa mwanangu, kuna jambo nililokuficha, na naliandika kwa uchungu.

Uliambiwa baba yako alianguka kazini kwa ugonjwa wa moyo. Haukuwa moyo. Kule ghalani alikofanya kazi hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ana kisukari. Aliniambia wakijua watamtoa, na mimi dada yake nikamuunga mkono. Nilichukua koti lake la kazi nikamshonea mfuko kwa ndani, wa kufichia sindano. Siku ile malori yalichelewa, saa ya kula ikapita ilhali ameshajidunga sindano, naye hakusema kitu. Sukari mwilini ikashuka. Akaanza kupepesuka na kuongea ovyo. Wenzake wakadhani amelewa, na kwa kumsitiri, wakubwa wasimwone, wakamlaza nyuma ya maboksi apumzike. Hawakuwa watu wabaya. Kopo la sukari ya chai lilikuwa hatua kumi kutoka pale alipolala.

Msimamizi wake alikuja msibani, akaniuliza kwa nini hawakuambiwa. Swali hilo ninalo mpaka leo.

Siwezi kukuahidi kwamba kila mkubwa wa kazi ana utu. Wapo wasio nao, na wako huenda akawa mmoja wao. Lakini huyo amekuuliza mara mbili, na mimi mwenye nia njema wiki sita nzima sikumuuliza Mama Pasi hata mara moja. Mwendee. Usiende kuomba huruma. Nenda ukijua unachokitaka: saa ya kula isiyosogezwa, ruhusa ya kunyanyuka bila kunyoosha mkono, na jirani yako wa meza afundishwe dalili, ajue cha kufanya. Wakikupa kitu kisichokufaa, usiseme asante. Waambie hakifai, na useme kinachofaa. Akikukatalia vyote, hapo uandike barua yako, na kitanda chako huku kipo.

Msalimie sana mama yako. Haya yote anayajua, na ni yeye aliyeniruhusu kukuandikia. Wasalimie dada yako na wale mapacha wake watukutu. Mama Pasi anakusalimu, na mfuaji naye, japo kwa kununa.

Binamu yako dereva atakuletea kifurushi wiki ijayo. Ndani mna koti jepesi la kuvaa kazini. Nimelishona mwenyewe, na Mama Pasi amelinyoosha, baada ya saa nne. Livae siku utakayoingia kwa msimamizi wako. Mfuko wa sindano na peremende upo. Safari hii nimeushona nje, kifuani, kwa kitambaa chekundu, kila mtu auone.

Mungu akulinde, mwanangu, na akurudishie ule mdomo wa utotoni.

Ni mimi nikupendaye, na ninayengoja habari zako,

Shangazi