Foleni Ilipoisha

Baba watoto,

Sote hatujambo, na mtoto wetu mdogo ameota jino. Mama anakusalimu.

Jana kwenye darasa la kompyuta niliandika programu ya kuita wagonjwa walio kwenye foleni. Kitanzi, ile sehemu inayorudia kazi ileile, kiligoma kusimama. Namba zikamwagika skrini nzima, wenzangu wakaangua kicheko. Hapo ndipo mdogo wako alipotokea mlangoni.

“Shemeji, kaka kasema uachane na haya mambo. Twende nyumbani.”

Darasa zima likageuka kututazama.

“Ngoja nimalize.”

“Sasa hivi!”

“Nimesema ngoja.”

Niliongeza amri ya kukatisha kitanzi foleni ikiisha. Safari hii programu iliita wagonjwa wote, kisha ikatulia. Mwalimu alipiga makofi. Nilipogeuka, shemeji alikuwa ameshaondoka.

Najua amekupigia simu. Nakupenda, tena sana, ila kuacha siachi. Ukiwa na neno, niambie mwenyewe, usinitumie mtu kuniaibisha mbele za watu. Mtihani ni Ijumaa na nitaufanya, ukipenda usipende.

Ni mimi mkeo, na bado ni wako.