Sala ya Mjane Imenifuata Chumbani

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kwa jambo ambalo nimeshindwa hata kuliombea. Mimi ni msichana wa sekondari, mwoga wa kusema mbele za watu, ila katika igizo la darasa nilipewa nafasi ya mjane anayemwombea mwanawe mgonjwa, na nilipopiga magoti kwenye vumbi la chaki nikahisi nimetoka mwilini, naelea karibu na dirisha, nasikia sauti ikisali kwa mbali, na ilipokoma darasa zima likaitika "Amina", hata mwalimu wa hesabu aliyekuwa anapita tu. Tangu hapo natamani kusomea uigizaji chuoni, lakini nikipiga magoti kando ya kitanda nisali kweli, inatoka sauti ya yule mjane, na mtetemo wake uleule, hata sijui kama namwomba Mungu au nafanya mazoezi. Baba ni mchungaji. Aliwahi kusema mezani, "Mwigizaji ni mwongo aliyejipaka poda," mama akamjibu, "Na wewe mimbarini unavyopandisha sauti, mume wangu?" tukacheka wote, ila baba alicheka kidogo. Fomu ya chuo inataka sahihi yake kabla ya Ijumaa, nami nimemwambia ni ya ualimu. Je, nikiigiza sala namkosea Mungu?

Binti wa Mchungaji

Binti yangu, umenifanya nitabasamu, kisha ukaniudhi. Unahangaika na sala ambayo kila aliyeisikia alijua ni igizo, halafu unamdanganya baba yako mchana kweupe! Darasani hakudanganywa mtu. Nyumbani yupo aliyedanganywa. Anzia hapo kutubu.

Sauti hiyo isikutishe. Umekaa na mjane muda mrefu, hawezi kuondoka kwa siku moja. Sali kimya, bila kupanga maneno, umwambie Mungu hilihili uliloniandikia. Na kama kuna maneno unayaona matakatifu mno kusemwa jukwaani, ikatae nafasi yenye maneno hayo, ukijua kwamba nyingine utazikosa kwa sababu hiyo.

Leo, kabla hajashika kalamu, mwambie: "Baba, nilikudanganya. Hii ni fomu ya uigizaji." Usimtume mama. Atakasirika, na ana haki. Akishatulia, muulize anakuhofia nini hasa, umsikilize mpaka amalize. Akikataa, iache Ijumaa ipite. Fomu nyingine itatoka mwakani, na utakapompelekea ataweza kuamini kilichoandikwa kwenye fomu hiyo.