Walii wa Alyaa Bado Hajashuka

Ibra, Sharqiya,
Oman.
2 Novemba 2025

Mpendwa Kaka Abdullatif,

Shikamoo kaka. Magoti yako yanaendeleaje? Wifi Radhia hajambo? Na karafuu za huko Wete, mvua imeziacha zikauka? Sisi wazima, alhamdulillah, joto limeanza kutuachia. Barua hii nampa Hanifa, anayefanya kazi nyumba ya pili, anakuja Pemba likizo. Kwa simu nisingeweza. Ningepiga kelele mpaka ukakata.

Firas wetu bado yuko juu kwenye kituo cha anga. Kaka, mtoto aliyenyonya ziwa langu anaizunguka dunia nzima kabla sijamaliza kupika chakula cha mchana! Nikipita sokoni wanawake wananipisha, "Umm Firas huyo!" Nami natembea polepole, washibe kunitazama.

Lakini hao wanaopanga safari wananitia kichefuchefu. Walisema atashuka kabla ya Ramadhani. Ikapita. Wakasema baada ya Hija. Nayo ikapita. Ati hawezi kushuka mpaka wenzake wapya wapande kupokea zamu, na roketi ya hao wapya kila siku inasimamishwa, mara bomba linavuja, mara upepo, mara chombo cha mizigo kimeukalia mlango wa kituo. Mchunga mbuzi wa Sinaw akikwambia Alkhamisi, Alkhamisi yuko sokoni. Hawa wamesoma mpaka vipara, tarehe moja inawashinda.

Na maisha yenyewe huko! Hawaogi, wanajipangusa kwa kitambaa. Maji ya kunywa, niwie radhi kaka, ni mkojo wao wenyewe uliosafishwa. Kanihadithia huku anacheka na kuyanywa. Mtoto niliyemlea kwa maji ya falaj, mfereji utokao mlimani! Nilitoka nje nikatema mate.

Sasa nije kwenye kidonda. Mwanangu Alyaa kaposwa na Saud, kijana wa Sur, mwalimu, adabu tupu. Unajua tangu baba yao afariki walii wake, wa kumwoza, ni kaka yake Firas. Kwa hivyo kila waliposogeza roketi, nasi tukaisogeza milka, siku ya kufunga ndoa. Mara ya tatu, mwezi uliopita, mama yake Saud, Bi Balqis, akanambia mbele ya watu, "Umm Firas, mwanao kakwama kama gari kwenye mchanga wa wadi. Wangu hatakwama naye." Katuwekea mwisho: iwe mwezi huu, au watafute kwengine.

Kusikia hivyo, shemeji yangu Humaid akaja mbio kutoka Samad. Mtu huyu tangu matanga ya ndugu yake hajabisha mlango wangu, hata nilipolazwa. Leo kavaa joho, kajifukiza udi, kakaa palepale pa marehemu. "Walii ni mimi," akasema. "Aliyeko mbinguni na awaoze malaika." Kahawa niliyomtilia, kaka, nilitamani nimmwagie.

Ijumaa Firas akapiga simu. Nikawalaani wapangaji wake wote, mmoja mmoja. Kaniacha nimalize, kisha akasema, "Mama, safari hii usiwatukane. Wapya wamefika, na kwenye kiti changu kashuka mwenzangu. Waliuliza nani atabaki zamu nyengine, nikanyanyua mkono. Kazi hii nimeisomea tangu ujana, sijashiba."

Mwanangu mwenyewe! Nikamrushia Alyaa simu, nami nikageukia ukuta.

Na Alyaa wala hakushtuka. Kumbe Firas alimuuliza yeye kwanza, naye kamwambia abaki. "Na walii wako?" nikamuuliza. Akanijibu, "Mama, kadhi keshasema Firas anaweza kuweka wakili. Wewe unataka walii, au unataka picha na ile nguo yake ya buluu ya wanaanga?"

Kaka, ile nguo nilishawaahidi wanawake wa mtaa mzima kuwa wataiona.

Basi imekuwa hivi. Firas atamtaja wakili wake kwa ulimi wake, kwenye simu ya picha, mbele ya kadhi na mashahidi. Na aliyemchagua ni wewe, mjomba wao. Milka ni Alkhamisi, tarehe 27 mwezi huu, hapa nyumbani. Viza Saud anaishughulikia. Njoo na kanzu nyeupe mpya, si ile iliyogeuka rangi ya chai. Watu wa Sur wana macho.

Na hili liweke moyoni. Siku hiyo haisogezwi tena. Haisogezwi kwa roketi, wala kwa ndege yako ikichelewa, wala kwa kiburi changu mimi. Usipofika, nitamwambia Firas amtaje Humaid. Nitamfungulia mlango kwa mkono wangu, nimkalishe mbele, nimtilie kahawa, nimchekee mpaka meno yaniume. Lakini Alyaa ataolewa siku hiyo.

Nisalimie Wifi Radhia, Muntasir na wanawe, na kila anayeniuliza hapo Wete. Allah akufungulie njia, akufikishe kwetu salama, na amhifadhi na yule mkaidi wangu huko aliko.

Mimi dada yako nikupendaye na kukungojea,
Fawziya, Umm Firas