Mendel Dirishani

Jumatatu, 6 Oktoba

Binti yangu Mutanu hajaanguka wiki hii. Asante Mungu. Nesi wa kliniki alisema niandike kila anapoanguka: ni saa ngapi, alilala vizuri ama hapana, dawa alimeza ama hapana. Hiyo ndiyo kazi ya hiki kitabu. Lakini siku zenye hajaanguka nazo naziandika. Kwa nini zipite bure? Mwandiko ni wa darasa la sita, wewe kitabu utanivumilia.

Leo nimeogopa kwa njia nyingine. Nilikuwa nje naosha sufuria nikamsikia ndani anacheka — kucheka! Tangu shule iseme akae nyumbani mpaka apone, hiyo sauti sijaisikia. Halafu akasema, Newton alinibana jana, leo nitamtoa jasho.

Sufuria ikaniponyoka. Newton wa nani? Hapa Nunguni nawajua wawili. Mmoja ana pikipiki, mwingine ni kijana wa fundi wa viatu. Wote sitaki!

Sikumuuliza. Nimezunguka na hilo jina siku nzima.

Jumanne, 7 Oktoba

Newton ni mzungu na alikufa zamani sana!

Mutanu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwaitu, mama yangu, ni mchezo! Ulikuwa ushaanza kunitafutia mahari?" Nikacheka pia, lakini kwanza nikakaa chini.

Kumbe ni mashindano ya klabu za sayansi za Kitui na Makueni, wanacheza kwa simu. Ya kirafiki tu, hakuna zawadi. Mwalimu Musyimi ndiye ameyapanga, na hajamtoa Mutanu kwa klabu hata kama hayuko darasani. Mungu amwekee mkono huyo mwalimu. Kila mtoto anachagua mwanasayansi mmoja wa zamani, na kila mwanasayansi ana nguvu yake. Kuna vilima. Unajenga maabara, unamaliza jaribio, kilima kinakuwa chako. Unacheza, halafu unangoja mwenzako acheze.

Wa Mutanu anaitwa Mendel. Alikuwa mtawa, na alikuwa anapanda njegere. Hapo nikatulia kidogo. Mtu wa Mungu na wa shamba. Nikauliza nguvu yake ni gani. Ati mwanzoni hana! Anapanda, anangoja, anapanda tena mbegu ya ile mbegu, wenzake wakichukua vilima wakimcheka. Halafu mwishoni yote inakuja pamoja.

Nikamwambia si ungechukua tu huyo Newton mwenye nguvu. Akasema Newton kila mtu anamchukua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeenda kuchukua dawa. Nikamuuliza nesi, hii simu na mwanga wake haitamwangusha mtoto? Akasema kuna wengine mwanga unawasumbua, lakini Mutanu alipimwa na yeye si wa hao. Adui yake ni kukosa dawa na kukosa usingizi. Acheze, alale mapema.

Bado nimeweka sheria. Usiku simu inalala kwangu.

Nikirudi nikakutana na jirani yangu Mbithe akipanga kabichi zake. Akauliza, huyu msichana wetu bado ulcers za tumbo hazijamwacha? Nikasema pole pole zinaenda. Ulcers! Hivyo ndivyo nimewaambia wote, kanisani, sokoni, hata shangazi yake. Siku ile alipoanguka darasani, kule shule ya bweni, wasichana walitoka mbio wakikanyagana, ati povu likikugusa na wewe unashikwa. Kesho yake dawati lake lilikuwa nje. Nje, kwa umande! Ningeweza kuwaambia watu wa hapa? Nani angekunywa chai kwa kikombe changu tena?

Jumapili, 12 Oktoba

Ametoka kanisani akizungumza njia nzima. Ati mwezi ujao watoto wote wa mashindano watakutana Kiboko, kwenye kituo cha utafiti, waonyeshwe jinsi wale wataalamu wanavyotengeneza mbegu. Watalala huko.

Walale!

Sheria ni moja. Aliyemaliza michezo yake yote anaenda, ameshinda ameshindwa. Aliyejiondoa katikati ya mchezo haendi. Yeye amebakisha mmoja tu, Jumamosi tarehe 25, na msichana wa Mwingi.

Nilisema tutaona. Anaijua hiyo "tutaona" yangu. Lakini akianguka huko Kiboko, kati ya watoto wageni, nani atamgeuza ubavu? Nani atafukuza wenye vijiko vya kumtia mdomoni? Siku hizi nikienda tu kisimani moyo unabaki mlangoni.

Jumatano, 15 Oktoba

Baba Mutanu amepiga simu kutoka Ikutha. Biashara ya mbuzi iko sawa, kiangazi tu kimewakondesha. Nikamweleza habari ya mchezo, nikitegemea atanisaidia kukataa. Wapi! Akasema, "Wacha mtoto acheze, Mbula. Si unasema huyo mtu wake ni mkulima? Basi ako kazini."

Kuhusu Kiboko akasema tu, "Utamfungia mpaka lini?"

Rahisi kuuliza ukiwa Ikutha.

Jumapili, 19 Oktoba

Huyo msichana wa Mwingi anaitwa Fahima. Wamekuwa wakizungumza kwa simu hata kabla ya mechi, kuchokozana tu. Wake ni Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa mambo ya mwanga, na nguvu yake ni kuona kadi za mchezo ambazo mwenzake ameficha. Nimesikia kidogo kutoka jikoni. Fahima akasema, Mendel wako ni mvivu kama punda wa mjomba wangu Jabiri, anasimama tu katikati ya barabara. Mutanu akajibu, ngoja huyo punda aanze kupiga teke. Wakacheka wote wawili. Nikaweka chumvi mara mbili kwa mboga.

Jioni akaja akasimama karibu na moto.

"Mwaitu, Fahima ameniuliza mbona siendi shule."

"Mwambie ulcers."

"Ni rafiki yangu."

"Ni rafiki wa simu. Humjui, hujui kwao. Akimwambia mwingine, na mwingine amwambie mwingine, mpaka ifike kwa hiyo Kiboko? Utakaa na nani huko?"

"Kwa hivyo nitaenda?"

Nimemwapisha asimwambie mtu. Akakubali, lakini hakunitazama. Alikuwa anavunja kijiti vipande vidogo vidogo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Shida! Mbithe amepita kuniambia mwethya unakuja kwangu Jumamosi. Sisi wanawake kumi na mbili tunalimiana kwa zamu, na zamu yangu imefika, kuchimba mitaro ya fanya juu kwa ile sehemu ya mteremko kabla mvua iteremshe udongo wote bondeni. Nikamwomba iwe Ijumaa. Ijumaa ni mazishi ya mzee Nzomo. Wiki ijayo? "Wiki ijayo utakuwa unachimba matope, mama. Ama hutaki kutupikia?" Halafu kile kicheko chake.

Jumamosi ni siku ya mechi.

Nimefikiria nikaona labda ni vizuri. Wanawake watakuwa chini shambani wakiimba. Mutanu atakuwa ndani, mlango umefungwa. Nitasema amelala. Nitapanda juu mara kwa mara kuangalia chakula, kumbe naangalia mtoto. Hakuna atakayejua kitu.

Mutanu haketi. Anazunguka nyumba. Nilimwambia alale mchana kidogo, akalala macho wazi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi. Dawa amemeza, nimeona kwa macho yangu. Usingizi — haukuwa mzuri. Anasema amelala. Macho yanasema hapana. Nilitaka kusema leo usicheze. Neno lilifika kwa meno likarudi. Alikuwa amevaa ile sweta ya shule. Kwa mchezo wa simu, wa watu wasiomwona! Ningewezaje?

Wanawake wamefika. Isyo iko jikoni, mahindi na maharagwe, inachemka. Naenda.

Alasiri. Naandika hapa kitandani karibu naye. Mikono ina udongo, karatasi imechafuka. Wacha ichafuke.

Mtandao hapa kwetu unashika mahali pamoja tu, dirishani, upande wa shamba. Nilisahau hiyo! Mimi mwenyewe nilipanga kila kitu nikasahau dirisha. Mutanu akaiweka simu pale, sauti juu, kwa sababu wanawake walikuwa wanaimba na yeye alikuwa hamsikii Fahima. Basi wakawa wanasikika mpaka chini. Fahima anasema, kilima cha tatu nimechukua, Mendel analala. Wanawake wakaanza kuuliza nani huyo Mendel anayelala mchana watu wakichimba. Nikasema ni mchezo wa watoto. Kalondu akasema mumpe jembe.

Nilipanda juu mara nyingi. Mbithe akanipigia kelele, "Mama Mutanu, hiyo isyo unaipika ama unaichunga isitoroke?" Wote wakacheka. Nikacheka nao.

Mara ya mwisho nilipoingia Mutanu alikuwa anang'aa. Vilima vyake vilikuwa vinaanza kurudi. Kimoja, halafu kingine. Fahima alikuwa ameacha kuchokoza. Mutanu akaninong'oneza, "Mwaitu, sasa ndio inakuja." Nikamshika bega nikarudi shambani.

Ndipo nikasikia dirisha linaita. "Mutanu? Mutanu! Ni zamu yako! Mutanu, hiyo sauti ni nini? Jamani kuna mtu hapo? Mutanu!"

Nilitupa jembe. Sijui kama nilikanyaga mtu.

Alikuwa sakafuni. Nikamgeuza ubavu, leso chini ya kichwa, nikasukuma kiti mbali. Hakuna kitu mdomoni. Nikaangalia saa ya ukutani kama nesi alivyonifundisha. Haikuwa ndefu. Kwangu ilikuwa ndefu.

Nilipoinua macho, Mbithe alikuwa mlangoni na wengine nyuma yake. Mmoja akasema kijiko, leteni kijiko. Nikasema hapana! kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mbithe akatazama povu, akanitazama mimi.

"Ni hii ndiyo ulcers?"

"Ni hii."

Akageuka akawaambia, haya, hamjaona mtu mgonjwa? Mtaro umefika nusu, nendeni mmalize. Wakaenda. Kalondu hakurudi mtaroni. Nilimwona kupitia dirishani akiosha mikono, akaosha tena, halafu akachukua jembe lake akapita njia ya nyuma kwenda kwao. Basi. Nimemwona.

Mbithe akaingia akamshika Mutanu miguu, tukampandisha kitandani. Hakuuliza ruhusa. Kisha akasema kwa hasira, "Wewe, Mbula. Mzigo kama huu unabeba peke yako, na sisi tunakuchimbia mitaro?" Akaenda jikoni kutafuta majani ya chai.

Na dirishani bado mtoto wa watu analia. "Kuna mtu? Tafadhali, kuna mtu?"

Nikachukua simu. Nikasema mimi ni mama yake.

"Mama, shikamoo, amepatwa na nini? Ni mimi? Ni kwa sababu nimemcheka?"

Hapo ulcers zilikuja mdomoni zenyewe, zimezoea njia. Nikazimeza. Nikamwambia ana kifafa. Ameanguka, sasa amelala, atakuwa salama. Hukumfanya kitu.

Nikafikiri amekata. Halafu akasema, "Mbona hakuniambia?"

"Nilimkataza mimi."

Akavuta kamasi. Akaniambia, mama, saa ya mchezo inamhesabia yeye. Ikiisha itakuwa amejiondoa. Nimeomba tusimamishe lakini upande wenu lazima mkubali. Angalia hapo, kuna kijani na nyekundu. Kijani tunangoja. Nyekundu ameacha.

Niliangalia hivyo vitufe viwili. Nyekundu ingemaliza yote. Hakuna Kiboko, hakuna kulala mbali, ningekuwa naye hapa ndani. Na hakuna mtu angenilaumu, mtoto ni mgonjwa. Kidole changu kilikuwa na udongo wa shamba. Mutanu alikuwa anapumua kwa nguvu vile hupumua akimaliza, na ile sweta imejikunja shingoni.

Nikabonyeza kijani.

"Asante mama," Fahima akasema. "Mimi niko. Sikati. Hata akiamka kesho." Nimeirudisha simu dirishani. Nasikia kwao mtu anamwita akale, na yeye anajibu, nangoja mtu.

Shambani wameanza kuimba tena. Mbithe ameleta vikombe viwili. Kimoja chake.

Ameanza kusogea. Kila akiamka, swali lake huwa ni moja. Hata maji hataki kwanza. Anauliza nani ameniona. Na mimi humjibu, hakuna, ni mimi tu.

Amefungua macho.

"Mwaitu. Nani ameniona?"

Nimemwambia. Mbithe. Wanawake wa mwethya. Fahima amesikia, na nimemwambia ni nini. Nimesema yote mara moja nisije nikashindwa.

Amegeukia ukuta. Mbithe ameweka kikombe chini. Mabega ya mtoto yanatetemeka na sijui kama ni kulia ama ni baridi, ninaogopa kumgusa.

Dirishani Fahima amekohoa. Kidogo tu, kama mtu aliye mlangoni.

Mkono wa Mutanu umetoka chini ya blanketi. Unapapasa. Nimeushika, ameutoa kwangu. Unaendelea kupapasa upande wa dirisha, na sijui anatafuta simu aizime ama amjibu Fahima.