Neno la Msalaba Wako, Fundi

Fundi wangu,

Leo nimefungua lile kopo la rangi ya bluu ya kuandikia mabango, uliloliacha chini ya meza. Juu ilikuwa imeganda. Nimeitoboa kwa bisibisi, chini nikakuta bado mbichi kabisa, na hapo machozi yakanitoka. Nimekaa kwanza, ndipo nikachukua kalamu.

Malaba, hapa mpakani, ni ile ile, malori yamepanga foleni. Ila siku hizi wenye vibanda wanavuka upande wa Kenya kuchapisha mabango ya plastiki, ambayo jua linayapausha haraka. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe.

Unakumbuka jinsi kila mtu alivyotaka neno moja? Nice Saluni. Nice Bucha. Nawe unasimamisha brashi hewani na kuanza darasa. Kwa Kilatini, asili yake ni mtu asiyejua kitu. Wafaransa wakalitumia kumwita mtu mjinga, Waingereza wakalipokea hivyo hivyo. Baadaye likawa mtu mwenye haya, kisha mtu wa kuchagua-chagua, kisha kazi iliyofanywa kwa makini, na mwishowe ndipo likawa kitu cha kupendeza. Yote uliyasoma katika kamusi yako isiyo na jalada. Yule mwenye bucha wa Buteba alibeba ubao wake akaondoka, akisema hakuja shule. Mimi nilicheka, lakini niliyashika yote, nikajiona msomi.

Usomi huo ndio ulioniponza siku ya kukuzika.

Wewe uliandika misalaba ya watu wengi, ukanifundisha nianze katikati ya ubao na kwenda pande zote mbili, jina la marehemu lisibanwe. Wako niliuandika mimi. Nilikuwa nimeuweka magotini asubuhi ile, jina limekwisha kukauka, mkeo Mama Akoth akaja akainama.

"Nafula, hapo chini andika, mtu nice."

Fundi, nilimfundisha. Mjane wako, mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Nilianza na Kilatini, nikafika kwenye mjinga, na nilidhani nakuheshimu. Mama Akoth aligeuka akaingia ndani. Nilitamani ardhi ipasuke. Maziko yalikuwa saa nane, nami nilijua kwamba asipotoka nitakuzika nikiwa nimemuumiza mtu uliyempenda kuliko sisi wote.

Alitoka na sanduku lake la nguo, lile la mbao. Akaliweka mbele yangu, akafunua kifuniko. Upande wa ndani kulikuwa na mwandiko wako wa ujana, bluu, mkia wa herufi ya mwisho ukipanda juu kama ulivyozoea. Neno moja tu. Nice.

"Aliandika kabla hatujaoana," alisema. "Hiyo hadithi ya mjinga alinipa siku ile ile. Akasema, mimi najua yote, na bado nakuita hivyo."

Miaka yote niliyokaa nawe, hukuniambia. Uliwabishia wenye maduka wa mpaka mzima, kumbe neno lenyewe ulikuwa umempa mtu mmoja na hukutaka kuligawa ovyo. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Aliniinua. Kisha akashika kopo kwa mikono yake miwili, nami nikachovya brashi. Chini ya jina lako nikaandika, mtu nice. Mkia wa herufi ya mwisho niliupandisha kama wako.

Bluu ya leo ni ya mama mmoja wa Bulumbi anayefungua hoteli ya chai. Analitaka neno hilo hilo. Nitamsimulia safari yote ya neno hilo, maana wewe ndiye uliyenipa, lakini nitamsimulia ubao ukiwa umekwisha kuandikwa na chai yake ikiwa mkononi.

Nakuaga sasa, baba yangu wa kazi. Brashi nazisafisha kwa mafuta ya taa kila jioni, usiwe na wasiwasi. Na mvua ikianza kuufuta msalaba wako, nitakuja kaburini kwako Tororo kuupaka upya, nikianzia katikati. Mama Akoth amesema kopo atalishika yeye.

Nafula wako