Mume Wangu Aliandika Bei ya Beseni la Mtoto Wetu

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono maana nimefika mahali sioni mbele wala nyuma. Nakuandikia nikiwa chumba cha wageni nyumbani kwa dada yangu mkubwa, leo siku ya kumi na moja, nguo zangu bado zimo kwenye begi kwa sababu nikizitoa nitakuwa nimekubali kwamba nimehama kwangu.

Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa miaka tisa, na kazi yangu watu wakiisikia hucheka kwanza ndipo waulize kama inalipa. Natunga michezo ya kipindi cha televisheni cha kukisia bei, kile ambacho mshiriki anaoneshwa godoro, pasi na dumu la mafuta ya kupikia, akitaja bei iliyo karibu na ya dukani anaondoka navyo. Sasa watu wamekuwa wajanja, wanazunguka madukani wiki nzima wakikariri bei, wakija studio wanajibu kama wanasoma ukutani, na watazamaji wametuchoka. Mkuu wetu wa kipindi, tunamwita Dakika Mbili kwa sababu kila anachokitaka anakitaka ndani ya dakika mbili, akaniambia nitunge mchezo ambao majibu yake hayapo duka lolote, na akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huu, kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Nikatunga mchezo nikauita Ungekiuza Ngapi. Wanakuja mke na mume, na vitu vinane kutoka nyumbani kwao wenyewe vinapangwa mezani. Mmoja anaandika kwenye kadi bei ambayo angekubali kukiuzia kila kitu, au anaandika Hakiuzwi, na mwenzake, bila kuona, anaandika anachodhani mwenzake ameandika. Kadi zinafunuliwa pamoja, na wakikaribiana wanashinda. Kwetu ni sheria kwamba mtunzi lazima aujaribu mchezo nyumbani kwake kwanza na kuleta karatasi ya matokeo, kwa hiyo Jumamosi moja mchana nikapanga meza.

Mume wangu ni fundi wa friji na feni, mtaa mzima unamwita Fundi na mimi pia namwita hivyo. Hununua vilivyoharibika, akavitengeneza na kuviuza, na bei ya kitu kilichotumika anaijua kuliko anavyojua siku yangu ya kuzaliwa. Usemi wake ni mmoja tu, kitu kikishatoka dukani hakirudii bei ya dukani. Nikaweka feni, pasi, redio, kioo, saa ya ukutani, kiti cha plastiki na sufuria kubwa. Vikawa saba, na cha nane nikaweka beseni la kuogea mtoto.

Mshauri, hapa ndipo penye donda. Tulipata mtoto wa kike, akakaa nasi miezi saba, homa ya siku tatu ikamchukua, na mwaka huu ni mwaka wa sita. Nguo zake tuligawa, kitanda chake tuligawa, ila beseni hatukuligawa wala hakuna aliyesema tusiligawe, lilipanda tu juu ya kabati likakaa huko. Tangu wiki ile ya msiba Fundi hajamtaja mtoto hata mara moja, na mimi nikaona kama yeye hamtaji basi nami nisiwe wa kumtia simanzi, tukaishi hivyo. Na nitakwambia jambo ambalo hata dada yangu sijamwambia, beseni lile sikuliweka mezani kwa kukosa kitu cha nane, maana ndani mna vitu tele, nililiweka makusudi, nilitaka kujua kama bado anaye moyoni.

Akarudi kutoka karakana, akanawa mikono, akaketi. Tulianza vizuri, hata tulicheka, feni ya miaka minne akaandika nusu ya bei tuliyonunulia na mimi nikakisia nusu, pasi akaandika robo, kiti cha plastiki akasema, "Hiki nitamlipa mtu aje akichukue." Tukafika kwenye beseni. Akaliangalia muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ukingo pale lilipochubuka.

"Na hili?" akauliza.

"Na hilo."

"Liwemo kwenye mchezo?"

"Fundi, andika tu."

Akaandika. Mimi kwenye kadi yangu nilikuwa nimeshaandika Hakiuzwi, hata sikufikiri. Tukafunua, na yake imeandikwa elfu tatu na mia nne. Bei hiyo naijua, ni ile ile tuliyonunulia, naikumbuka kwa sababu Fundi anayeweza kubishania bei ya sindano hadi muuzaji afunge duka, siku ile, nikiwa bado mjamzito, alitoa pesa bila kusema neno. Kwa hiyo miaka sita baadaye mtu anataka pesa yake irudi yote, mtoto hayupo na yeye hataki hasara hata ya shilingi.

Nikamwambia, "Umemuuza."

Akasema, "Si ulisema niandike?"

Nikakusanya nguo nikaja kwa dada. Amekuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza alikaa sebuleni kama mgeni, akamuuliza dada habari za friji lake, akafungua mlango wa friji, akasema mpira umelegea. Mara ya pili akaja na mpira mpya, akaubadilisha, akasema, "Sasa litashika baridi," akaaga akaondoka. Kwangu mimi hakuwa na neno. Dada anasema nisijidanganye, akufukuzaye hakwambii toka, na mtu anayeweza kutia bei beseni la marehemu ipo siku atakutia bei na wewe.

Tena kuna la kazini. Kwenye karatasi ya matokeo ule mstari wa nane niliukata kwa kalamu, Dakika Mbili akauona, akauliza, nami sikuwa na nguvu za kudanganya nikamweleza yote huku nalia. Akanipa kitambaa, akanipa pole, halafu akaangalia saa yake akasema hiki ndicho kipindi cha kwanza, mimi na Fundi na beseni mezani, maana hapo watu watalia na mtu anayelia habadilishi chaneli. Nikikataa anampa mwenzangu mchezo wangu auendeleze, na mkataba ndio hivyo tena.

Nimejaribu kumchukia mume wangu nimeshindwa, nimejaribu kumsamehe nimeshindwa pia. Nifanye nini, mshauri? Nirudi kwa mtu ambaye mwanangu kwake ana bei? Niende kwenye kipindi ili angalau aulizwe mbele za watu aseme kilichomo moyoni mwake, kwa kuwa nyumbani hasemi? Au nianze maisha yangu? Naomba unijibu mapema, Ijumaa natakiwa nitoe jibu kazini.

Ni mimi, Mtunga Michezo

*

Mtunga Michezo,

Pole, dada yangu. Pole ya mtoto kwanza, kwa sababu nina wasiwasi ni muda mrefu hujapewa. Miaka sita si mingi kwa mzazi, na anayekwambia ungekuwa umeshasahau mwache aseme peke yake. Kulia kwako hakuna kosa.

Sasa niruhusu nikugombeze kidogo, maana umeniandikia mwenyewe na unajua mimi si mtu wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulimtegea mumeo. Ulikuwa na swali la miaka sita, swali zito, badala ya kumuuliza ukalificha kati ya sufuria na saa ya ukutani, ukampa kalamu. Naye akakuuliza mara mbili, nimesoma mwenyewe kwenye barua yako, akauliza na hili, akauliza liwemo kwenye mchezo. Mtu huyo alikuwa anakuomba uliondoe. Ukamwambia aandike tu. Ameandika, ukafunga begi.

Haya, tuje kwenye hiyo bei iliyokuhamisha nyumba. Wewe kazi yako ni bei, na hii imekupita mbele ya macho. Mumeo anauza vitu vilivyotumika. Ni yeye asemaye kwamba kitu kikishatoka dukani hakirudii bei ya dukani, na mchana ule feni aliipa nusu bei, pasi robo, kiti akawa tayari kulipa kichukuliwe. Kisha akafika kwenye beseni la miaka sita lililochubuka ukingo, ambalo sokoni asingepata hata elfu moja, akaliandikia bei ile ile ya siku mliyolinunua, mpaka mia ya mwisho. Fundi anajua hakuna mteja wa bei hiyo. Na siku ile dukani, mbishi wa sindano hakubisha. Unadhani yeye ameikumbukaje bei hiyo miaka yote hii? Wewe unaikumbuka kwa sababu ulimshangaa. Yeye lazima ana sababu yake.

Mimi sisomi mioyo ya watu, labda nimekosea, labda kweli ni bahili hadi msibani. Lakini nikipewa karatasi yako ya matokeo, mstari ule ulioukata nisingeusoma kama ulivyousoma. Nausoma kwamba alilazimishwa kuandika namba akaandika ile pekee aliyoweza kuivumilia, ya siku ambayo mtoto alikuwa bado anakuja.

Dada yako anakupenda, mshukuru kwa chumba. Methali yake ni nzuri ila ameitoa mahali pasipo pake. Anayekufukuza hakufuati. Huyu amekufuata mara mbili, na mara ya pili alikuja na mpira wa friji mkononi. Wapo wanaume ambao ukiwanyang'anya bisibisi hawana tena namna ya kuongea. Sisemi ni sifa. Ni kilema, na kimekuumiza, na atapaswa kukishughulikia. Lakini hata wewe ulinyamaza miaka sita ukidhani unamstiri, na yeye pengine aliona mama mtu hamtaji, nani yeye amtaje. Mmekaa nyumba moja kila mmoja akimlinda mwenzake na msiba ambao ni wa wote wawili.

Kwenye kipindi usiende. Unaniambia nyumbani hasemi, unataka aseme mbele ya taa, kamera na watu waliopewa tiketi. Atasema nini huko? Ataandika namba nyingine, watu watalia, matangazo yataingia, kisha mtarudi nyumbani na beseni ambalo nchi nzima imeliona. Huyo Dakika Mbili alikupa kitambaa cha kufuta machozi kabla ya kuyatafutia soko, kwa hiyo adabu kidogo anayo, tumia hiyo hiyo. Usisubiri Ijumaa. Kesho asubuhi mpelekee barua fupi, kwamba mchezo ni wako, umeutunga na kuujaribu, na kwamba jaribio lako limekuonesha kasoro unayotaka kuirekebisha: kitu hakipandi mezani mpaka mke na mume wote wawili wamekubali kiwekwe. Weka tarehe, saini, ubaki na nakala. Mwambie beseni halimo na wewe na mumeo hammo. Akikupokonya mchezo, utaumia, na nakala hiyo uipeleke kwa mtu wa sheria kabla hujaja kunililia mimi. Mkataba wa kazi hutafutwa mwingine. Kutunga unajua, kipaji hicho hakuna wa kukuvua.

Nyumbani rudi leo, jioni atakapokuwa ameshanawa mikono. Usiende na kadi wala na dada. Usimwombe aeleze ile bei, atajitetea na mtagombana upya. Mwombe radhi kwanza kwa kumtegea, kwa maneno hayo hayo, kwamba uliliweka makusudi. Ni neno gumu lakini umeshaweza kuniandikia mimi nisiyekujua. Halafu nyamaza umpe nafasi, hata akikaa robo saa bila kusema kitu usimsaidie. Akiinuka kwenda kutengeneza chochote, mfuate huko huko. Na baada ya hapo tafuteni mtu wa kuwasikiliza, wawili pamoja, hospitali kubwa wanao washauri wa wazazi waliofiwa, wala si aibu. Kama mtasikilizwa na bado ukaona huwezi kuishi naye, utaondoka ukiwa unajua unamwacha nani. Kwa sasa hujui.

La mwisho. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeniambia bei ya beseni, umeniambia lilipochubuka, umeniambia nini kilikuwa mezani, cha kwanza mpaka cha nane. Yule mtoto alivyokuwa anacheka hukuniambia, wala kama alipenda maji au aliyalilia. Mimi si wa kuambiwa. Mwambie baba yake leo, na pale utakapokuwa umesahau, muulize yeye.